Majemadari wa Mlima Kenya

Mwaka 1906 Waingereza walipeleka kikosi kuwaadhibu Waembu, na vijana wa rika la vita wakakabili bunduki kwa mikuki. Miaka miwili baadaye Edward Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi, aliingia Meru na kuweka boma bila vita kubwa. Maeneo haya hayakuutii ukoloni kwa namna moja.

Silaha zilirudi msituni, safari hii mikononi mwa wapiganaji wa Mau Mau, baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952. Upande wa Embu aliibuka Jenerali Kubu Kubu, ambaye mji wa Embu bado unalienzi jina lake. Upande wa Meru, Musa Mwariama alipanda hadi cheo cha Field Marshal. Kiongozi wa Mau Mau Dedan Kimathi alikamatwa mwaka 1956 na kunyongwa mwaka uliofuata, lakini Mwariama hakukamatwa wala kuuawa. Alibaki msituni na wapiganaji wake hadi Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, akatoka na rasta zake ndefu kuonana na Jomo Kenyatta. Picha za mkutano huo bado husambazwa.

Mwenzake, Baimungi M'Marete, hakubahatika. Yeye na wafuasi wake walitaka ardhi kwanza, wakarudi msituni. Januari 1965 aliuawa na askari wa serikali ya Kenya huru. Huo, kwa kweli, ni ukurasa ambao sherehe za Mashujaa huupita haraka mno.

Mwariama alifariki mwaka 1989, wakati sheria ya kikoloni iliyoipiga marufuku Mau Mau ilikuwa ingali inatumika. Ilifutwa mwaka 2003.