Mlusina

Mlusina, au lusina (jina la kisayansi: Leucaena leucocephala), ni mti wa jamii ya kunde wenye asili ya kusini mwa Meksiko na nchi jirani za Amerika ya Kati. Wahispania waliufikisha Ufilipino enzi za ukoloni wao, na leo umeenea karibu tropiki nzima. Afrika Mashariki hupandwa kwa ajili ya malisho, kuni, fito na kurutubisha udongo.

Bakteria aina ya rizobia huingia kwenye mizizi yake na kujenga vinundu, ambamo naitrojeni ya hewani hugeuzwa kuwa chakula cha mmea. Mkulima anaweza kujihakikishia mwenyewe: ang'oe mche, apasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kitu. Lakini naitrojeni nyingi huishia majanini, hivyo mahindi ya jirani hayaipati mpaka mti upogolewe na majani yaoze shambani.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Miaka ya 1970 watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki iliyoko Ibadan, Nigeria, walibuni kilimo cha mazao katikati ya safu za miti kama hii. Kwenye mashamba ya majaribio kilipendeza. Kwa mkulima, kupogoa kuligongana na palizi, na safu zikichelewa kukatwa huyanyima mahindi mwanga na maji. Mwenye ng'ombe wa ndani ndiye anayefaidi zaidi: majani yana protini zaidi ya asilimia 20, na samadi hurudi shambani.

Mbegu zina ganda gumu. Hutiwa maji ya moto kwa dakika chache, kisha hulowekwa kwenye maji baridi usiku kucha. Udongo wenye asidi nyingi huudumaza mti huu, na huko mti wa kaliandra hufaa zaidi.

Majani yana sumu iitwayo mimosini. Punda na farasi wakiyala sana hunyonyoka singa na mkia, na ng'ombe huweza kuvimba tezi la shingo, kwa hiyo yasizidi theluthi moja ya lishe. Mtafiti Raymond Jones wa Australia aligundua kwamba mbuzi wa Hawaii hawadhuriki, kwa kuwa tumboni mwao mna bakteria wanaoivunja sumu hiyo. Mwaka 1992 bakteria hao walipewa jina la Synergistes jonesii, kwa heshima yake. Mwaka huohuo kidusa Heteropsylla cubana, kijidudu kinachofyonza machipukizi, kiliingia Afrika Mashariki na kuiharibu milusina mingi.

Mlusina humwaga mbegu nyingi mno, na umo katika orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Usipandwe kando ya mito, karibu na misitu ya hifadhi, wala kwenye shamba lisilo na mtu wa kuukata kabla maganda hayajakauka.