Historia ya Betri Nyumbani: Nani Aweka, Nani Atoa

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu, wenzangu wameandika habari za hisa, mikopo na miradi. Mimi nimepewa kazi ya kueleza historia ya kitu ambacho siku hizi kimeingia karibu kila nyumba, nacho ni betri. Huenda mtu akauliza, je, betri na kikundi cha akiba vinahusiana vipi? Vinahusiana sana. Betri haitengenezi stima. Hutunza tu ile iliyowekwa ndani yake, na ikitoa, hutoa ile ile, tena imepungua kidogo. Basi betri ni sanduku la akiba. Na kama lilivyo sanduku la kikundi lenye kufuli tatu, jambo kubwa si ukubwa wake. Jambo kubwa ni nani anayeweka, nani anayetoa, na kwa kanuni gani. Hayo ndiyo nitakayoyafuata katika historia hii, kwa sababu sasa wanachama wanataka mikopo ya sola na betri, na ni vizuri tujue tulikotoka kabla ya kutia sahihi.

Zamani za koroboi

Stima si ngeni katika nchi hizi. Mwaka wa 1875 Sultani Barghash wa Unguja alipata mtambo wa kuangaza jumba lake. Mwaka wa 1908 mtambo huo ulinunuliwa na Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, na ukahamishiwa kampuni ya stima ya mji huo. Mwaka huo huo Nairobi nayo ilipata ruhusa ya kuwekewa stima, na mwaka wa 1922 kampuni za miji hii miwili ziliunganishwa kuwa moja. Lakini nyaya zilifuata miji na wenye pesa. Mama wa kijijini alibaki na koroboi lake la mkebe na utambi, na mwenye uwezo kidogo akawa na taa ya chemni. Moshi wa mafuta taa aliuvuta mama na watoto waliokuwa wakisoma karibu naye.

Betri za kwanza kuzoeleka vijijini zilikuwa zile kavu za tochi na redio. Wengi wanakumbuka jinsi zilivyoanikwa juani juu ya bati zikiishiwa, ili zitoe nguvu ya mwisho watu wasikie taarifa ya habari. Mwenye redio ndiye aliyejua betri imebaki na nini, na ndiye aliyesema lini iwashwe.

Betri ya gari yaingia sebuleni

Betri ya risasi na asidi ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka wa 1859. Ni betri ya kale sana, na bado iko kwenye magari mengi. Televisheni ilipoanza kufika vijijini mahali pasipo na stima, watu walichukua betri ya gari wakaiweka sebuleni. Ikiisha chaji, ilifungwa kwenye baiskeli au ikapakiwa juu ya matatu mpaka mjini kwa fundi wa kuchaji, kisha ikarudishwa. Asidi ilimwagika na kutoboa nguo, na nauli ilikuwa ikilipwa kila safari.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo limewagharimu watu wengi pesa. Betri ya gari imeundwa itoe nguvu nyingi kwa muda mfupi sana, gari liwake, kisha ijazwe mara moja. Haikuundwa kukamuliwa polepole usiku kucha mpaka iishe. Ukiishusha hadi chini na kuiacha hivyo, ndani yake hujengeka ukoko mgumu kwenye bamba za risasi, nayo haishiki chaji tena kama mwanzo. Wazee walisema akiba haiozi, lakini akiba ya betri ya asidi huoza kabisa ikikaa tupu. Ndiyo maana fundi mwaminifu hukwambia utumie nusu tu, ile nusu nyingine uiache.

Sola, na jikoni pabakie giza

Kioo cha sola cha silikoni tunachokijua leo kilionyeshwa Marekani mwaka wa 1954 na wataalamu wa Bell. Katika miaka ya 1980 kilianza kuuzwa Kenya kwa matumizi ya nyumbani. Wamarekani wawili, Harold Burris na Mark Hankins, walifunga sola katika shule ya sekondari huko Meru na kuwafundisha mafundi wa hapo. Wakulima wa kahawa na chai, walimu na wenye maduka wakaona, wakanunua kwa pesa zao wenyewe bila kungoja msaada wa serikali. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, nyumba zaidi ya laki moja nchini zilikuwa na sola. Nyingi zilikuwa na paneli ndogo za wati 12 hadi 20 tu.

Sasa tufanye hesabu kama tunavyofanya siku ya mkutano. Paneli ya wati 14, ikipata jua zuri kwa saa 5, huingiza yuniti ndogo 70, yaani wati-saa 70. Toa zinazopotea njiani, zinabaki kama 60. Hayo ndiyo mapato ya siku. Televisheni ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe ilikula wati 15. Ikiwashwa saa 3, imekula 45. Zimebaki 15. Taa ya mrija ya wati 8 haiwezi kumaliza hata saa 2 kwa hizo 15. Basi taa hiyo ilifungwa wapi? Ilifungwa sebuleni. Jikoni mama aliendelea kupika kwa koroboi, chini ya paa lenye sola!

Hili si jambo la kusemwa na wanawake peke yao. Wachunguzi waliozifuatilia nyumba za sola nchini Kenya waliona vivyo hivyo. Katika sola ndogo, sehemu kubwa ya stima ilikwenda kwa televisheni, na jikoni palikuja nyuma. Tusiseme ni ubaya wa mzee wa nyumba. Mara nyingi yeye ndiye aliyelipa, na watoto wenyewe walililia televisheni. Lakini hakukuwa na kanuni, na hakukuwa na mtu anayehesabu. Mali bila daftari huisha bila habari.

Simu, balbu za LED na malipo ya kila siku

Mwaka wa 2007 M-Pesa ilianza, na simu ikawa benki. Simu ikizima, pesa zako zimefungiwa. Mama asiye na stima alitembea mpaka sokoni akalipa ili achajiwe simu. Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo. La kwanza ni balbu za LED, ambazo hutoa mwanga mzuri kwa wati 3 au 5. Zile wati-saa 15 zilizoshindwa na mrija wa zamani, zinaendesha balbu ya wati 3 kwa saa 5 kamili. La pili ni betri ya lithiamu. Kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuiuza mwaka wa 1991, na mwaka wa 2019 wavumbuzi wake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia. Ni nyepesi, haitaki maji ya betri, na ile aina inayofungwa majumbani huweza kujazwa na kutumiwa mara elfu kadhaa ikitunzwa.

Tangu 2012, kampuni kama M-KOPA zikaanza kuuza sola ndogo kwa mkopo unaolipwa kwa simu. Kwa miaka kadhaa malipo yalikuwa kama shilingi 50 kwa siku, muda wa mwaka mmoja. Akina mama wengi walipata taa ya jikoni kwa njia hii mara ya kwanza. Lakini kumbuka, usipolipa, mtambo hujifunga wenyewe. Mkopo wa namna hiyo haungoji mkutano wa mwisho wa mwezi, wala hausikii kwamba mtoto alikuwa hospitali.

Stima yafika, na betri yabaki

Mwaka wa 2015 gharama ya kuunganishiwa stima nyumbani ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na nyumba nyingi za vijijini zikapata mita. Wengi walidhani betri imekwisha kazi. Haikuwa hivyo. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma, nchi nzima ikakaa gizani kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alipona. Mwezi wa Agosti 2023 giza lilirudi tena karibu nchi nzima, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Wenye umri wanakumbuka pia ukame wa 1999 na 2000, maji yalipopungua mabwawani na stima ikagawiwa kwa zamu. Kwa mwenye friji ya maziwa, saluni au mashine ya kuangulia vifaranga, giza la siku moja ni hasara ya mwezi.

Habari za stima ya usiku

Siku hizi kuna maneno kwamba ukinunua betri utaichaji usiku kwa bei nafuu na kuitumia mchana. Tulielewe jambo hili vizuri, maana linauzwa kwa maneno matamu.

Ni kweli kwamba stima ya usiku wa manane huwa nyingi. Watu wamelala, viwanda vingi vimefungwa, lakini mvuke wa Olkaria, uliotumika tangu 1981, hutoka ardhini mchana na usiku. Isipotumiwa, inapotea. Uingereza waliliona hilo mapema. Mwaka wa 1978 walianzisha bei nafuu ya saa 7 za usiku kwa majumbani, na leo wako watu huko wanaojaza betri ya nyumba saa hizo na kuitumia jioni bei ikipanda. Kwao hesabu inaweza kutoka.

Hapa Kenya bei nafuu ya usiku ilianza Desemba 2017 kwa viwanda na biashara kubwa. Mwaka wa 2023 ikawekwa pia bei maalumu ya kuchaji vyombo vya usafiri vya umeme, ambayo usiku hushuka. Lakini kwa nyumba za kawaida, bei zilizotangazwa 2023 hazikufuata saa. Zilifuata kiasi unachotumia kwa mwezi: hadi yuniti 30, kutoka 31 hadi 100, na zaidi ya 100. Kwa bei hizo, mama akiweka chaji saa nane za usiku au saa nane za mchana analipa sawasawa. Tena betri haitoi yote iliyopokea. Ukiweka yuniti 100, hata kwa lithiamu na inveta nzuri, unatoa kama 85 au 90. Nyingine zimepotea, na zile ulizozitia zinaweza kukusukuma kwenye daraja la bei ya juu. Kwa hiyo betri ya kuchajiwa kwa stima ya mita ni kinga dhidi ya giza. Si njia ya kupunguza bili. Anayekwambia vinginevyo, mwombe akuandikie hesabu.

Saa ya bei rahisi kwa mwenye paneli ni saa sita mchana, jua likiwa kichwani. Wakati huo chaji simu na taa za mkononi, pampu maji kama sola yako inaweza, moja kwa moja. Betri iachie kazi ya jioni. Na pasi usiitie kwenye betri ndogo. Pasi ya wati 1,000 humaliza akiba ya wati-saa 300 kwa dakika 18.

Betri ikifa

Historia hii haikamiliki bila Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilijengwa karibu na nyumba za watu, risasi ikaingia katika damu ya watoto. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi humo, mtoto wake alidhurika kwanza. Aliwakusanya majirani, kiwanda kikafungwa 2014, naye mwaka wa 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa ndefu Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo mwishoni mwa 2024. Kwa hiyo betri iliyokufa isipasuliwe uani wala asidi isimwagwe karibu na kisima. Irudishwe kwa muuzaji anayezipokea.

Tufanye nini sisi

Napendekeza kwa kamati na kwa wanachama wote mambo matatu kabla ya mkopo wowote wa betri. Kwanza, mwombaji aje na hesabu ya wati-saa: zinazoingia kwa siku na zinazotoka, tena ahesabu kwa siku ya mawingu. Pili, nyumba ikubaliane mapema, baba, mama na watoto, taa ya kwanza inafungwa wapi na televisheni inazimwa saa ngapi. Mimi nasema ya kwanza ifungwe jikoni. Tatu, kila mwezi mwanachama aweke kidogo kando kwa ajili ya betri ijayo, kwa sababu hata iliyo bora itazeeka, na mkopo wa pili juu ya wa kwanza ndio huvunja nyumba.

Miaka kumi hii tumejifunza kuweka shilingi na kuiandika. Kuandika stima si kazi ngumu zaidi. Ni daftari lile lile, ukurasa mwingine tu.