Muhogo: kitafunio cha watoto kisicho na ngano

Muhogo si mzaliwa wa Kongo. Wareno waliuleta kutoka Brazili katika karne ya 16, ukasambaa polepole hadi mashariki. Hauna gluteni, ile protini ya ngano inayoumiza matumbo ya baadhi ya watoto. Mama akiponda ndizi mbivu, akachanganya na unga wa muhogo na kukaanga kwa mawese, watoto wamepata kitafunio.

Lakini historia inatuonya. Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza ugonjwa wa konzo huko Kwango: miguu inapooza ghafla. Unatokana na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, chakula kingine kikikosekana. Vita na njaa hutufanya tuharakishe.

Wazazi mlio kambini, msifupishe: siku 3 majini, kisha juani. Na karanga, zikipatikana.