Nyuso Zilizokosekana: Tarehe ya Mafundi wa Mapiko, Newala na Masasi

Mwaka 1984 wezi waliingia Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wakaondoka na vitu kadhaa vya thamani, na kati yake lipiko la Kimakonde, yaani kinyago cha kuvaa ngomani. Mwaka uliofuata lipiko hilo lilinunuliwa Paris na wenye makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi. Mwaka 1990 mtaalamu wa Kiitalia, Enrico Castelli, alilitambua kuwa ni lile lililoibwa, akatoa taarifa. Zikafuata barua na mazungumzo ya miaka mingi, hadi Mei 2010 lilipokabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania.

Habari hiyo ilienea sana. Jina la aliyelitambua likatajwa, la makumbusho yaliyolinunua likatajwa, na la makumbusho yaliyoibiwa pia. Jina la fundi aliyeukata mti, akauchonga na kuupa uso, halikutajwa. Wenzake wengi wamepatwa na hayohayo. Hii ni tarehe yao, na ya nyuso ambazo kila kizazi kiliziongeza kwenye safu iliyorithiwa.

Uwanda wa juu wa Wamakonde umeinuka kaskazini mwa mto Ruvuma, na Newala imekaa ukingoni kabisa mwa uwanda huo. Mtu akisimama pale huuona Ruvuma chini na nchi ya Msumbiji ng'ambo yake. Ardhi ya juu ni ya kichanga na maji ni ya shida. Kwa vizazi vingi akina mama waliteremka mabondeni kuyafuata na kupanda nayo kichwani. Siku hizi mikorosho imeenea kila upande. Masasi iko chini, magharibi mwa uwanda, kati ya vilima vya majabali. Huko Wamakua, Wayao na Wamakonde wamekaa pamoja, wakaoana na kuchukuliana desturi.

Makabila yote hayo matatu huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na yote humtoa mtoto utotoni kwa jando na unyago. Wanapotoka wali, yaani vijana waliomaliza mafunzo hayo, ngoma hulia na vinyago huingia uwanjani. Newala ngoma hiyo huitwa midimu. Ng'ambo ya Ruvuma ni mapiko. Masasi kuna pia isinyago, maumbo makubwa ya wanyama yanayoundwa kwa fito na majani na kubebwa na watu waliojificha ndani yake. Mtafiti Mtanzania J.A.R. Wembah-Rashid aliandika kuhusu isinyago na midimu mwaka 1971, na hadi leo anayetaka kuzielewa ngoma hizi huanzia kwake.

Tuitazame kazi yenyewe. Lipiko halichongwi kwa mpingo. Mpingo ni mzito, na mchezaji anatakiwa aruke, ageuke na atetemeshe mabega huku uso wa mti uko juu ya uso wake. Fundi huchagua mti mwepesi, laini na mweupe ndani, akaukata ungali mbichi. Shoka hutoa gogo la kiasi cha kichwa. Tezo hutoa paji la uso, pua na kidevu. Kisha gogo hugeuzwa, likakombwa ndani hadi ubaki ukuta mwembamba, na hapo ndipo mkono wa mwanafunzi hukosea, kwani pigo moja la ziada hutoboa shavu. Kisu kidogo hukamilisha kope, midomo na masikio, na jani la msasa hulainisha ngozi ya mti.

Baada ya hapo huja chale. Nta ya nyuki iliyotiwa weusi huviringwa kuwa nyuzi nyembamba, zikabandikwa mashavuni na kwenye paji la uso kwa kufuata mistari ileile waliyochanjwa wazee katika ngozi zao. Fundi mwingine huichonga mistari hiyo kwenye mti. Nywele ni za mtu kweli, zimenyolewa kichwani na kubandikwa fungu kwa fungu. Kazi ikiisha, anayewajua watu wa zamani akiutazama uso ule hutambua kama ni wa mwanamume au mwanamke, kijana au mzee, Mmakonde au mgeni.

Upande wa Msumbiji lipiko huvaliwa kama kofia, likafunika kichwa kizima. Upande wa Newala mara nyingi hufunika uso peke yake. Huku kwetu kuna pia njorowe, kiwiliwili cha mti cha mwanamke mjamzito, chenye matiti na tumbo lililojaa chale, ambacho mwanamume hukifunga kifuani na kukicheza. Yote haya yalitengenezwa mafichoni, mbali na macho ya wanawake na ya watoto ambao hawajapita jandoni. Kwao aliyeingia uwanjani hakuwa baba wala mjomba aliyevaa mti. Alikuwa kiumbe aliyetoka kwa wafu. Siri hiyo iliipa ngoma nguvu yake, na ni sababu mojawapo ya jina la fundi kutotangazwa: kumtaja mchongaji kungekuwa kukiri kwamba kiumbe yule ni mti.

Huku juu mafundi wakichonga, kule Masasi kulianza kumbukumbu ya namna nyingine, ya maandishi ya misheni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alileta kutoka Zanzibar watu waliokombolewa utumwani, akawaweka Masasi kuwa kijiji cha Kikristo. Mwaka 1882 kijiji kilivamiwa na Wangoni, watu wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Padre Chauncy Maples akahamia Newala chini ya ulinzi wa Matola, mkubwa wa huko. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, akapadirishwa Zanzibar, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo kufikia daraja la upadre. Alihudumu Chitangali, kwa mkubwa Barnaba Nakaam wa Wayao. Mwaka 1905 wapiganaji wa Majimaji waliichoma misheni ya Masasi.

Kwa hiyo wapo walioingia kwenye maandishi: Steere, Maples, Matola, Nakaam, Majaliwa. Lakini wale waliotembea na Steere kutoka pwani, wanawake waliolima mashamba ya kwanza ya kijiji na watoto waliochukuliwa na Wangoni, wengi wao wamebaki kundi tu katika simulizi. Safu ya nyuso za Masasi ina mapengo makubwa, na karatasi peke yake haiwezi kuyaziba.

Mwaka 1906, moto wa Majimaji ukiwa haujapoa, alifika Karl Weule wa makumbusho ya makabila ya Leipzig, Ujerumani. Alitoka Lindi, akapita Masasi na Chingulungulu, akapanda Newala na kufika Mahuta. Alikuwa na kamera ya picha, mashine ya sinema na chombo cha kunasa sauti kwenye mitungi ya nta. Alipiga picha wachezaji wa vinyago na wale wanaocheza juu ya mironjo. Aliwapa pia watu kalamu na karatasi, wakamchorea wanyama, misafara na watu wa wakati ule. Kitabu chake kilitoka Kijerumani mwaka 1908 na Kiingereza mwaka 1909, michoro hiyo ikiwemo, na baadhi ya wachoraji akawataja kwa majina yao. Jambo hilo tulishike. Weule alikuja na mawazo yote ya Wazungu wa enzi ya ukoloni, lakini alipouliza jina la mchoraji alijibiwa. Kwa hiyo hata wakati ule jina la msanii lilipatikana, ilimradi mtu alitaka kulijua.

Mafundi nao hawakulala. Mwarabu mwenye ndevu alipopita na msafara, uso wake ulichongwa. Mhindi alipofungua duka, akachongwa. Mzungu naye akapata pua yake ndefu na kofia yake, na askari wa serikali akafuata. Hakuna aliyewaagiza mafundi kufanya hivyo. Waliona kwamba dunia imeingiza watu wapya na safu ya zamani haina nyuso zao, basi wakawaongeza kwa mti uleule, nta ileile na tezo lilelile, hata mgeni akiingia uwanjani aonekane amekaa pale tangu enzi za mababu. Kumweka mtu katika safu si lazima iwe kumheshimu. Wengine waliwekwa ili wachekwe, na uwanja mzima ukapata nafasi ya kumhukumu mwenye bunduki bila kumwogopa.

Tamaa hii ya kuziba pengo ipo hata mbali na Ruvuma. Marekani, wapenzi wa mchezo wa besiboli hukusanya kadi ndogo zenye picha za wachezaji. Seti ya kampuni ya Topps ya mwaka 1952 ilikuwa na kadi 407, lakini Stan Musial, mmoja wa wapigaji bora wa enzi ile, hakuwemo. Haki za picha na mikataba na kampuni shindani ziliwaacha nje wachezaji wengi, wakubwa kwa wadogo. Hadi leo wapo watu wanaokaa nyumbani wakatengeneza kadi za waliokosekana. Hutafuta picha ya wakati ule, wakafuata rangi na maandishi ya seti ile ya zamani, na nyuma wakaandika jina, timu na takwimu za mchezaji. Wanataka historia itimie, wala hawangoji kampuni irekebishe kosa lake. Fundi wa Newala angewaelewa mara moja. Tena angejifunza kwao kitu kimoja, kwamba nyuma ya kila uso waliandika jina.

Baadaye kazi ya fundi iligeuka. Hapo mwanzo aliwaongeza waliokuja. Sasa akawa anawatunza waliokuwa wakiondoka. Zamani mwanamke wa Kimakonde alitoboa mdomo wa juu na kuvaa ndonya, kipande cha mti cha mviringo. Mabinti wakaacha kuivaa, chale za uso nazo zikakoma, na bibi wa mwisho wa kila kijiji akazikwa na zake. Katika vinyago bibi huyo yungali yupo na ndonya yake mdomoni. Masasi nako jando lenyewe lilibadilika: Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, aliingiza jando la Kikristo, akitaka vijana waendelee kupita njia ya wazee wao wakiwa ndani ya Kanisa.

Wakati huohuo Wamakonde wengi wa Msumbiji walikuwa wakivuka Ruvuma kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Baadhi yao waliendelea kuchonga, na Dar es Salaam wakapata soko. Katika miaka ya 1950 mfanyabiashara Mohamed Peera aliwanunulia kazi zao za mpingo. Samaki Likankoa akaanzisha mtindo wa shetani, na Roberto Yakobo Sangwani anatajwa kuwa mwanzilishi wa ule mnara wa watu waliobebana tunaouita ujamaa. George Lilanga, aliyezaliwa kusini mwaka 1934, alianza kwa kuchonga, akaingia Nyumba ya Sanaa, na michoro yake ikafika Ulaya, Marekani na Japani kabla hajafariki mwaka 2005.

Septemba 1964 Frelimo walianza vita vya ukombozi katika nchi ya Wamakonde wa Msumbiji, na wakimbizi wakajaa upande wetu. Kule ng'ambo, kama alivyoeleza mtafiti Paolo Israel katika kitabu chake cha mwaka 2014, mapiko yakaingia siasa, na nyuso za wapiganaji na viongozi zikaongezwa kwenye safu. Fundi alifanya yaleyale aliyoyafanya babu yake alipomwona askari wa kwanza.

Tazama sasa jinsi majina yalivyogawanyika. Aliyechonga mpingo kwa ajili ya soko la Dar es Salaam alipata jina, kwa sababu mnunuzi hutaka kujua anachonunua. Aliyechonga mti mwepesi kwa ajili ya wali wa kijiji chake alibaki bila jina, ingawa ndiye aliyeishika kazi ya asili. Makabati ya makumbusho ya Ulaya na hata ya kwetu yamejaa vinyago vilivyoandikwa kabila, mahali, na pengine mwaka wa kununuliwa. Waliotazamwa wamehesabiwa, waliowachonga hawamo.

Wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa, na fundi naye ni mcheza. Ngoma hazijafa: wali bado wanatolewa, fedha za korosho zikiingia sherehe huwa kubwa, na tamasha la MaKuYa la Mtwara limewakutanisha jukwaani Wamakonde, Wamakua na Wayao. Mafundi wangalipo, lakini wengi ni wazee. Siri ya jando ni ya wenyewe, na asilazimishwe mtu kuitoa. Jina la fundi aliyefariki, pamoja na kijiji chake, mti alioupenda na mwalimu aliyemfundisha tezo, vinaweza kuandikwa kwa idhini ya ukoo wake bila kuvunja mwiko wowote.

Kazi hii haihitaji mfadhili. Afisa utamaduni wa wilaya anaiweza, mwalimu wa historia wa sekondari ya Newala au Masasi anaiweza pamoja na wanafunzi wake, na mjukuu mwenye daftari la shule anaiweza kuliko wote. Kwa kila fundi iandikwe karatasi moja yenye jina lake, kijiji, miaka aliyofanya kazi, nyuso alizochonga na aliyemrithisha. Nakala moja ibaki kwa ukoo, nyingine ipelekwe shuleni, ya tatu itumwe Makumbusho ya Taifa. Nawe msomaji, kama mjomba au babu yako alichonga, usingoje mgeni mwingine aje kuuliza. Andika jina lake mwaka huu, wakati wanaomkumbuka bado wapo.