Adui ni Uzito: Historia ya Gari Dogo la Michezo

Mwaka 1958 Waingereza waliingiza sokoni kigari cha viti viwili, Austin-Healey Sprite, chenye injini ya cc 948 na nguvu za farasi 43 tu. Hakikuwa na mlango wa buti. Mizigo ilipitishwa nyuma ya viti. Hata vitasa vya nje vya milango havikuwekwa. Pikipiki kubwa za leo zina nguvu kuliko hicho, lakini gari la michezo kilikuwa, tena bila ubishi.

Siri ilikuwa wepesi. Injini kubwa hukusaidia unapokanyaga mafuta, basi. Wepesi hukusaidia kuondoka, kufunga breki na kukata kona. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, aliishikilia hoja hiyo karibu kama dini. Elan yake ya mwaka 1962 ilijengwa juu ya chasi ya bati la chuma lililokunjwa, iliyopita katikati ya gari kama uti wa mgongo, na bodi yake ilikuwa ya faiba. Haikufika kilo 700. Kwa kuwa ilikuwa nyepesi hivyo, Chapman aliweza kuifunga springi laini, na bado ikaganda barabarani. Magari mengi ya leo yanayojiita ya michezo hukaza springi mpaka dereva aumwe kiuno, kwa sababu yamebeba uzito yasioumudu.

Miaka ya 1970 sheria za Marekani za usalama na moshi ziliyabana magari haya madogo ya Waingereza. MGB iliongezwa bampa nzito na kunyanyuliwa juu, ikapoteza utulivu wake kwenye kona. MG Midget ilikoma mwaka 1979, MGB na Triumph Spitfire mwaka uliofuata.

Aliyefufua mambo alikuwa mwandishi wa magari, Mmarekani Bob Hall. Mwaka 1979 alimweleza Kenichi Yamamoto wa Mazda kwamba dunia inahitaji tena kigari cha wazi, chepesi, cha bei nafuu. Miaka kumi baadaye, Februari 1989, Mazda MX-5 ilioneshwa Chicago. Timu ya Mazda iliyoongozwa na Toshihiko Hirai ilisukuma injini ya lita 1.6 nyuma ya ekseli ya mbele, ikahamishia betri kwenye buti na kutengeneza boneti kwa alumini, ili uzito ugawanyike karibu sawa mbele na nyuma. Kwa maoni yangu, walichofanya ni kuichukua Elan wakaipa injini inayowaka kila asubuhi.

Lakini gari hilo nalo lilinenepa. MX-5 ya kizazi cha tatu ilivuka tani moja. Ya nne, ya mwaka 2015, ikarudi chini yake, kilo 990 kwa toleo jepesi la Japani. Gari la tani mbili lenye farasi 600 linakimbia, sikatai, ila kuliita la michezo ni kulipa sifa isiyo yake. Na wanunuzi wanajua: Aprili 2016, MX-5 ya milioni moja ilitoka kiwandani Hiroshima.