Jua Lipo, Matege Yatoka Wapi?

Mkoa wa Katavi hauna uhaba wa jua. Mtu aliyepita Magamba, wilayani Mpanda, mwezi wa tisa, miti ya miombo ikiwa imepukutisha majani na vumbi limetanda, ni vigumu kumshawishi kwamba kuna ugonjwa wa watoto unaotokana na kukosa jua. Hata hivyo, nimewasikia kinamama wa huko wakisimulia kwamba wanapompeleka kliniki mtoto ambaye miguu imeanza kupinda, huambiwa wamwanike jua la asubuhi. Mama huondoka akishangaa, kwa maana mtoto huyo ameshinda shambani juani, mgongoni mwake, tangu angali mchanga. Ushauri huo una historia, na historia yake haikuanzia kwetu.

Ulianzia Ulaya. Waingereza Daniel Whistler, mwaka 1645, na Francis Glisson, mwaka 1650, waliandika juu ya watoto wenye mifupa laini na miguu iliyopinda. Viwanda vilipoenea katika karne ya 19, moshi wa makaa ya mawe ukaziba anga, na watoto wa vichochoro vya wafanyakazi wakapinda miguu kwa wingi. Mwaka 1890 Theobald Palm, tabibu mmisionari aliyewahi kufanya kazi Japani, alihoji kwa nini maradhi hayo ni haba katika nchi zenye jua tele. Mwaka 1919 Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwaponya watoto kwa mwanga wa taa maalumu. Miaka hiyohiyo Edward Mellanby wa London aliwakinga mbwa kwa mafuta ya ini la samaki. Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Marekani alionyesha kwamba kilichoponya hakikuwa vitamini A, nacho kikaja kuitwa vitamini D. Ngozi yenyewe huitengeneza ikipigwa na jua, na bila vitamini hiyo utumbo hauwezi kufyonza kalsiamu ya kutosha.

Neno kalsiamu ndilo lililosahaulika njiani. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha utafiti uliowalinganisha Wamasai na Wakikuyu wa Kenya. Mwanamume wa Kimasai, mnywaji wa maziwa, alimzidi mwenzake wa Kikikuyu inchi 5 kwa urefu na ratili 23 kwa uzito. Watafiti waliona kwamba chakula cha nafaka na mizizi cha Wakikuyu kilikuwa na upungufu wa kalsiamu, wakalieleza jambo hilo zaidi kama desturi ya kabila. Ardhi iliyokwisha kuchukuliwa na walowezi haikupata uzito uliostahili. Mpaka leo tunapenda kuulaumu mwiko kabla ya kuuliza nani ana malisho.

Sayansi ya karibuni imelirudisha neno hilo. Nchini Nigeria, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999 juu ya watoto 123 wenye matege, waliopewa kalsiamu peke yake walipata nafuu kwa asilimia 61, na waliopewa vitamini D peke yake kwa asilimia 19 tu. Hapa Tanzania, utafiti wa mwaka 2012 kwa Wamasai na Wahadzabe ulikuta wastani wa vitamini D katika damu ukiwa nanomoli 115 kwa lita, wakati wataalamu wengi huridhika na 50. Jua letu, basi, linafanya kazi yake pale linapoigusa ngozi.

Si kila ngozi inaguswa. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo; mtoto mchanga anayefunikwa ndani kwa miezi hana pengine pa kuipata, na hatari huzidi kwa njiti, na kwa aliyezaliwa na mama ambaye mwenyewe amepungukiwa. Utapiamlo nao huandamana na upungufu huo: tafiti za Muhimbili na za mitaa duni ya Nairobi zimeukuta miongoni mwa watoto wanaoishi chini ya jua la ikweta. Baadhi ya dawa za kifafa pia huivunja vitamini hiyo mwilini. Na Arusha na Kilimanjaro miguu hupinda kwa floridi iliyozidi majini, jambo ambalo kumwanika mtoto hakuliponyi.

Turudi Mpanda. Misitu hii ilikuwa makao ya mbung'o, na penye mbung'o ng'ombe hakai. Serikali ya mkoloni ilijenga reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua ili kusomba risasi ya mgodi wa Uruwira. Maziwa ya watoto hayakuwa katika hesabu zake. Wafugaji wa Kisukuma walipohamia baadaye, maziwa yalikuja pamoja na ugomvi wa ardhi. Mwaka 2005 Craig Hadley alichapisha utafiti wa Bonde la Rukwa uliokuta watoto wa Kisukuma wakikua vizuri kuliko wa Kipimbwe, majirani zao. Jua lao ni moja.

Serikali imeelekeza kila halmashauri itenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Matone ya vitamini A yanagawiwa, chumvi ina madini joto, unga wa viwandani huongezwa madini ya chuma. Lakini familia nyingi za Magamba husaga mahindi yao wenyewe, na dona, kwa wema wake wote, ina kemikali inayoifunga kalsiamu isifyonzwe. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaoliwa na mifupa yao wana kalsiamu hiyo, na Karema imo humuhumu mkoani. Afisa lishe anayeandaa bajeti ya mwaka ujao na aanze kwa kuuliza bei ya sado moja ya dagaa sokoni Mpanda, na ni kaya ngapi za Magamba zinazoimudu.