Kimeng'enya Ndani ya Mwamba wa Matumbawe

Kwa karne nyingi wataalamu wa Ulaya waliyahesabu matumbawe kuwa mimea, na wengine waliyahesabu kuwa mawe. Walikuwa na sababu: tumbawe limejishikiza mahali pamoja, lina matawi, na ukilivunja unakuta chokaa tupu. Mnamo miaka ya 1720 Jean-André Peyssonnel, daktari wa Marseille, aliweka matumbawe mekundu katika chombo cha maji ya bahari, akaona kwamba yale yaliyoitwa maua yake yalifunguka yenyewe na kujikunja yalipoguswa. Akahitimisha kuwa ni wanyama. Mwaka 1727 Réaumur aliifikisha hoja hiyo mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris, lakini alilificha jina la mwenye hoja ili asimwaibishe. Haikukubaliwa mpaka miaka ya 1740, Abraham Trembley alipoonyesha kwamba haidra, kiumbe mdogo wa maji baridi aliyefanana na mmea, naye ni mnyama.

Hapo ndipo swali letu lilipozaliwa, kwa kuwa sasa ilibidi kueleza jinsi mnyama laini, asiye na mfupa hata mmoja, anavyotengeneza jiwe. Jibu lilichelewa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1881 von Heider alidai kwamba seli za mnyama zenyewe hujaa chokaa na kugeuka kuwa kiunzi. Mwaka uliofuata von Koch, aliyechunguza polipi wachanga, yaani wanyama wadogo wa tumbawe, alipinga: chembe za kwanza za chokaa alizikuta nje ya mwili, kati ya ngozi ya chini ya mnyama na mahali alipokalia. Ushahidi wa von Koch ulikuwa na nguvu zaidi na ndio ulioshinda. Kiunzi, basi, hujengwa nje ya seli, katika upenyo mwembamba mno ulio chini ya mnyama.

Ili kuelewa kilichofuata, tuangalie kwanza ugumu wenyewe. Maji ya bahari yana kalsiamu nyingi, na yana bikaboneti nyingi pia, hivyo malighafi haipungui. Taabu ni kwamba viwili hivyo vinapoungana kufanya chokaa, tindikali hubaki, nayo ikirundikana huyeyusha kile kilichokwisha kujengwa. Mnyama anayejenga kwa chokaa lazima apate njia ya kuiondoa, tena haraka.

Njia hiyo haikugunduliwa baharini, bali katika damu. Wanafiziolojia walikuwa wamekutana na fumbo: damu hupita katika vishipa vya mapafu kwa muda usiofika sekunde moja, na bado hufaulu kuitoa kabonidayoksaidi iliyoibeba kwa umbo la bikaboneti. Badiliko hilo likiachwa liende lenyewe ni la polepole mno. Mwaka 1933 Meldrum na Roughton, wakiwa Cambridge, walieleza juu ya kimeng'enya kinacholiharakisha, na hicho ndicho kinachoitwa kaboniki anhidrasi. Miaka michache baadaye Keilin na Mann walionyesha kwamba ndani yake mna madini ya zinki. Ni miongoni mwa vimeng'enya vyenye kasi kuliko vyote vinavyojulikana: molekuli moja inaweza kubadilisha mamia ya maelfu ya molekuli za kabonidayoksaidi kwa sekunde.

Aliyekipeleka kisa hiki kwenye miamba ya bahari ni Thomas Goreau, aliyefanya kazi Jamaika. Wakati wake ulimsaidia. Vinu vya nyuklia vilivyojengwa tangu Vita Kuu ya Pili vilikuwa vimewapa watafiti kalsiamu-45, yenye mnururisho, hivyo iliwezekana kupima chokaa iliyoongezeka katika kipande cha tumbawe kwa saa chache, badala ya kungoja miezi. Madaktari nao walikuwa wamepata asetazolamidi, dawa inayozuia kaboniki anhidrasi, ambayo hadi leo hutumika kutibu presha ya macho. Goreau aliviunganisha viwili hivyo. Katika makala yake ya 1959 alionyesha kwamba matumbawe hujenga kwa kasi zaidi kwenye mwanga kuliko gizani, na kwamba dawa ile hupunguza ujenzi. Ilipunguza hata katika matumbawe yaliyokwisha kupoteza mwani wa hadubini unaoishi ndani yake. Kwa maoni yangu jaribio hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa lilionyesha kwamba kimeng'enya kina kazi kwa mnyama mwenyewe, siyo kwa mwani peke yake.

Maelezo yake yalikuwa haya: kimeng'enya huigeuza tindikali ya kaboniki kuwa maji na kabonidayoksaidi, na mwani, ukiwa kwenye mwanga, huifyonza hewa hiyo. Ni maelezo mazuri, na yalitawala kwa miaka mingi. Lakini yalikuwa na mpinzani. Wengine walisema mwanga husaidia kwa sababu mwani humlisha mnyama sukari na oksijeni, naye hupata nguvu ya kuendesha pampu za seli zake. Mojawapo ya pampu hizo ilipochunguzwa ilionekana kuingiza kalsiamu kwenye upenyo wa ujenzi na kutoa protoni, yaani asili ya tindikali. Mwaka 2003 Al-Horani na wenzake walipenyeza elektrodi nyembamba hadi chini ya ngozi ya tumbawe lililo hai. Wakakuta kwenye mwanga pH ya hapo imefika takriban 9.3, ilhali maji ya bahari huwa karibu 8.1. Vipimo vya baadaye vilivyotumia rangi zinazong'aa vilitoa tofauti ndogo zaidi, ila mwelekeo ulikuwa uleule.

Pampu ikishaondoa tindikali, kimeng'enya kinabaki na kazi gani? Jibu lilitoka Monaco, na lilipindua picha ya Goreau. Mwaka 2000 Furla na wenzake, wakilichunguza tumbawe liitwalo *Stylophora pistillata*, waliona kwamba sehemu kubwa ya kaboni ya kiunzi, kama asilimia 70 hadi 75, haitoki moja kwa moja baharini bali katika pumzi ya mnyama mwenyewe. Mchoma chokaa wa pwani yetu, anapoyapanga matumbawe juu ya magogo na kuyawasha, huirudisha angani hewa ambayo kwa kiasi kikubwa ilipumuliwa na wanyama hao. Basi kimeng'enya hakikazanii kutengeneza kabonidayoksaidi. Huipokea kutoka kwenye seli na kuigeuza kuwa bikaboneti, tayari kwa ujenzi. Goreau hakukosea kuhusu nani anafanya kazi. Alichokosa ni upande, kwani kimeng'enya hufanya kazi pande zote mbili. Mwaka 2008 Moya na wenzake waliipata jeni ya kaboniki anhidrasi ya tumbawe hilohilo, wakaona inatumika katika tabaka lilelile la seli linalogusa kiunzi.

Baada ya hapo protini nyingine zilidai sehemu yake. Mwaka 2013 Mass na wenzake walionyesha kwamba protini zenye asidi nyingi zinaweza kuanzisha fuwele za chokaa katika maji ya bahari ya kawaida, na mwaka 2017 waliripoti chembe za chokaa isiyo fuwele ndani ya tishu, habari inayokumbusha madai ya von Heider. Sioni kwamba protini hizo zinakiondoa kimeng'enya. Ziwe zinaanza ndani au nje, chembe hizo bado zinahitaji kaboni iliyogeuzwa kwa wakati.

Swali linalowashughulisha watafiti sasa ni la bahari yenyewe. Kadiri kabonidayoksaidi ya viwanda na magari inavyoyeyuka majini, protoni huongezeka nje ya mnyama, na pampu hulazimika kuzisukuma mahali ambapo tayari zimejaa, kwa gharama kubwa zaidi ya chakula. Hapo kaboniki anhidrasi haiwezi kumwokoa, maana kimeng'enya huharakisha badiliko tu. Hakibadilishi mahali ambapo badiliko hilo hutulia.